Mtoto Mdogo na Njia Kuu

Jioni hii nimepewa nafasi niseme nanyi habari za jambo ambalo wengi wetu tumelizoea mno hata hatulioni tena, nalo ni mtoto mdogo apitapo katika njia kuu. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa waalimu, na mara kwa mara huwapeleka katika shule iliyo karibu na chuo chetu, wapate kujaribu masomo yao mbele ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Shule hiyo imejengwa kando ya barabara ya lami ipitayo malori usiku na mchana. Kwa hiyo haya nitakayoyasema sikuyatoa vitabuni tu. Mengi nimeyaona kwa macho, nikiwa nimesimama ukingoni mwa barabara ile na chaki mkononi.

Yafaa kwanza mjue ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023, likasema ya kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa ulimwenguni kwa ajali za barabarani. Likasema tena ya kwamba kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hata 29, hapana jambo liuwalo wengi kupita ajali hizo, wala maradhi wala jingine lo lote. Na katika hao waliokufa, zaidi ya nusu ni watu waendao kwa miguu, na wapandao baisikeli na pikipiki. Si ajabu. Mwenye motokaa amezungukwa na bati na vioo na mkanda kifuani. Mtoto wa shule amevaa shati lake tu.

Sasa fikirini jinsi mababu zetu walivyowafundisha watoto hatari za njia zao. Mtoto aliyezaliwa kando ya Mto Rufiji alijua mahali apendapo mamba kujificha kabla hajajua kuhesabu hata kumi. Mtoto wa wafugaji alijua kutofautisha unyayo wa fisi na unyayo wa simba. Aliyajuaje? Hapana mtu aliyemwimbia wimbo mmoja kisha akamwachilia aende zake. Babu yake alimshika mkono akaenda naye, akamwonyesha leo, na kesho, na kesho kutwa, mpaka macho ya mtoto yenyewe yakajifunza. Lakini motokaa ilikuja upesi mno. Wazee waliokuwa na mengi ya kusema juu ya mamba hawakuwa na la kusema juu ya lori, na sisi tuliozaliwa baada yao tukadhani kwamba jambo hili litajifundisha lenyewe.

Nasema ilikuja upesi, maana si zamani sana. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo na wapagazi wake mwezi wa Machi mwaka 1871, hakufika Ujiji ila katika mwezi wa Novemba, kwa sababu ya homa na mvua na vita vya Mirambo vilivyoifunga njia. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ile ya kutoka Dar es Salaam ilianza mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1907, mwezi wa Agosti, Mjerumani mmoja jina lake Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akitaka kuvuka Afrika mpaka bahari ya upande wa magharibi. Alifika Swakopmund mwezi wa Mei mwaka 1909. Karibu miaka miwili, wasikilizaji wangu! Nadhani siku nyingi katika hizo motokaa ndiyo iliyochukuliwa na watu, wala si watu waliochukuliwa na motokaa. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Dodoma, safari ya saa nne hivi.

Watoto huzipenda sana habari hizi, na mimi huwaambia waalimu wangu vijana waanze nazo. Mtoto akichora msafara wa wapagazi, na chini yake gari la moshi, na chini yake basi la abiria, moyo wake huchangamka, naye huuliza maswali. Lakini iko faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Nikiwauliza, "Katika picha zenu hizi zote, ni kitu gani ambacho hakikubadilika?" wao hutazama kwa muda mrefu. Mmoja husema jua, mwingine husema mlima. Kisha atatokea mmoja aseme, "Miguu ya mtu, Mwalimu." Ndivyo ilivyo. Miguu ya mtoto wa leo ina mwendo ule ule wa mtoto wa siku za misafara, na macho yake ni yale yale na masikio yake ni yale yale. Kilichobadilika ni kile kimjiacho mbele.

Hapo ndipo somo lenyewe lianzapo, nami nataka nikawie hapa kidogo, kwa kuwa wazazi wengi hawajui mtoto mdogo aionavyo barabara. Sisi tukisimama ukingoni twaona juu ya nyasi, na juu ya pikipiki zilizoegeshwa, na juu ya meza ya muuza machungwa. Mtoto wa miaka sita aona nyasi, na gurudumu la pikipiki, na miguu ya meza. Tena yuko mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 akafa mwaka 1980, aliyetumia maisha yake kuchunguza fikira za watoto wadogo. Alionyesha kwamba mtoto wa umri huo aona vigumu sana kujua mambo yanavyoonekana kwa mtu aliyekaa mahali pengine. Lichukueni neno hilo mliweke barabarani. Mtoto aliona lori. Basi, kwa akili yake, lori nalo limemwona. Taa mbili za mbele ni macho, nayo yanamtazama yeye. Atashangaa sana mkimwambia kwamba dereva aliye juu kitini huenda asimwone kabisa.

Tena mtoto hajui kupima mwendo. Ajua kwamba gari liko mbali au liko karibu, lakini kwamba gari la mbali lenye mbio litafika kabla ya gari la karibu lijikokotalo, hilo halimwingii akilini mpaka amekua. Na akisikia mlio wa honi, aghalabu hajui umetoka upande gani. Mwalimu mmoja wa Sweden, bibi aliyeitwa Stina Sandels, aliwachunguza watoto barabarani kwa miaka mingi, na katika mwaka 1968 akatoa kitabu chake juu ya jambo hilo. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba mtoto mdogo hawezi kufundishwa mpaka akawa kama mtu mzima barabarani, hata mwalimu akiwa hodari namna gani, kwa kuwa akili zake na macho yake havijakomaa. Kwa hiyo barabara ndiyo ipasayo kutengenezwa imfae mtoto. Waalimu wengine hawalipendi neno hilo, maana laonekana kama kutuvunja moyo. Mimi nalipenda. Halikusema tusifundishe, lilisema tusiutwike mzigo wetu kichwani mwa mtoto wa miaka sita.

Nije sasa kwenye wimbo wetu wa shule, ule wa kutazama kulia, kushoto, na kulia tena. Kila mtoto aujua. Siku moja nilisimama nyuma ya mwalimu kijana, hodari wa kuimbisha, aliyewafundisha watoto arobaini maneno hayo darasani hata madirisha yakatikisika. Kisha nikamwomba tuwatoe nje, watano watano, mpaka ukingoni mwa njia ndogo ya vumbi, ambayo haina magari mengi. Mtoto wa kwanza, binti mdogo mwenye mkoba wa kitenge, aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia tena, kwa upesi kama kuku anywaye maji, kisha akaenda. Nikamwuliza, "Mwanangu, umeona nini upande wa kulia?" Akasema, "Sijaona kitu, Mwalimu, nilikuwa natazama." Kumbe alikuwa ametoa shabaha ya shingo, si ya macho. Hapo mwalimu kijana alicheka, nami nikacheka, lakini kesho yake aliwaambia watoto kwamba asiyeweza kutaja alichokiona kila upande hana ruhusa ya kuvuka. "Kulia, baisikeli ya baba mwenye kikapu. Kushoto, mbuzi wawili. Kulia tena, hapana kitu." Ndivyo walivyofanya tangu siku hiyo, nao walivuka polepole zaidi, na kwa furaha zaidi.

Na kwa nini kulia ndiko kwa kwanza? Ni vizuri watoto waambiwe sababu, maana amri isiyo na sababu husahauliwa upesi. Katika Tanzania na Kenya na Uganda magari hushika upande wa kushoto wa barabara. Basi mtu asimamaye ukingoni, gari la kwanza kumfikia ni lile litokalo kuliani kwake. Akisha kupita katikati, hatari yatoka kushotoni. Lakini katika Rwanda, Burundi na Kongo magari hushika upande wa kulia, na huko ni lazima wimbo ugeuzwe: kushoto, kulia, kushoto tena. Katika daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, madereva wote hubadili upande wavukapo. Mama wa Ngara aendaye kuwatembelea ndugu zake ng'ambo na mtoto wake mkononi yampasa kukumbuka jambo hili kabla ya kukumbuka zawadi. Sweden nayo ilikuwa nchi ya kushika kushoto mpaka tarehe 3 Septemba mwaka 1967. Siku hiyo, saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima ilihamia upande wa kulia kwa mara moja. Watu wazima walijifunza upya kama watoto.

Lakini msitegemee upande mmoja tu, hata hapa petu. Pikipiki za bodaboda hutokea kila mahali, wakati mwingine hata upande usio wao, na dereva wake hudhani kwamba barabara ni pana ya kumtosha. Kwa hiyo mtoto atazame pande zote mbili, hata njia ikiwa ya kwenda upande mmoja.

Yako mambo mawili ambayo kwa maoni yangu huwapoteza watoto wengi kuliko kutojua kulia na kushoto, na yote mawili twayafanya sisi wazazi. La kwanza ni kumwita mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Mama ameketi gengeni upande huu, amemwona mwanawe atoka shule upande ule, naye kwa mapenzi yake apunga mkono, "Njoo, baba, njoo!" Mtoto akimwona mama haoni kitu kingine. Barabara yote imefutika machoni pake. Basi, mama zangu, nawasihi: ukimwona mwanao ng'ambo, usimwite. Nyamaza, au mwonyeshe kiganja kwamba angoje, kisha vuka wewe umfuate. Na vivyo hivyo kwa kitu kilichoanguka. Kalamu ikidondoka katikati ya njia, mtoto atairudia, maana ajua kwamba nyumbani ataulizwa kalamu iko wapi. Mwambieni leo hii, kabla hajalala, kwamba kalamu ya barabarani, na kiatu cha barabarani, na mpira wa barabarani, hataulizwa habari zake kamwe.

La pili ni basi au daladala lililosimama kituoni. Mtoto ashuka, na mara apita mbele ya basi lile lile ili avuke. Dereva wa basi hamwoni kwa kuwa ni mfupi. Dereva ajaye nyuma akilipita basi hamwoni kwa kuwa basi lamficha. Na mtoto mwenyewe haoni cho chote ila bati. Ni lazima angoje mpaka basi limeondoka, barabara ikawa wazi, ndipo avuke. Ni neno dogo, lakini ni gumu, kwa kuwa mtoto ana njaa na nyumba yake yaonekana ng'ambo. Makondakta nao wangeweza kusaidia sana hapa. Wako wengine wema ambao hushuka wenyewe wakawavusha watoto, nami nimewaona, Mungu awabariki. Na wako wengine ambao humhesabu mwanafunzi kuwa ni hasara ya nauli, wakamshusha hata kabla gari halijasimama vema. Hao nao wana watoto.

Habari za kwenda kando ya barabara isiyo na njia ya miguu nitazipitia upesi. Mtoto aende upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu naye yaje mbele ya uso wake, wala si mgongoni. Watoto waende mmoja nyuma ya mmoja, si wanne bega kwa bega. Mkubwa amshike mdogo mkono, na mkono wa mdogo uwe upande wa majani, si upande wa lami. Na watokao nyumbani alfajiri, au warudio magharibi, wawe na kitu cheupe: kitambaa cheupe kilichoshonwa juu ya mkoba kinatosha, na ule utepe ung'aao unapomulikwa na taa ni bora zaidi. Sare nyingi za shule zina sketi au kaptura ya rangi nzito, nayo machweo huimeza.

Kuhusu pikipiki, nina neno moja tu. Nimeona watoto wanne nyuma ya dereva mmoja, wameshonana kama nyama katika kijiti, na watu wenyewe huita hivyo hivyo, mshikaki. Najua shule iko mbali, najua nauli ni ghali, wala simlaumu mzazi ambaye hana njia nyingine. Lakini watoto wanne hawana kofia hata moja baina yao, na yule wa mwisho hana cha kushika ila shati la mwenzake. Ni heri kumi wakaenda pamoja kwa miguu, wakiongozwa na mzazi mmoja, leo baba huyu na kesho mama yule, kuliko wanne juu ya chombo kile.

Nataka kuwapa waalimu somo moja ambalo halihitaji kitabu wala fedha. Pigeni mstari wa majivu uwanjani. Waambieni watoto wakimbie kwa nguvu zao zote kuelekea mstari ule, na mwalimu asimame kando. Watakapoufikia, mwalimu apige makofi, nao wasimame pale pale. Hapana atakayesimama pale pale. Kila mmoja ataupita mstari kwa hatua tatu au nne, na wengine wataanguka wakicheka. Kisha waulizeni: wewe una uzito wa debe moja la maji, nawe hukuweza kusimama, je, lori lililojaa mahindi?

Kwa watoto wakubwa, hesabu yaweza kufuata. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa na sheria katika miji na vijiji vya Tanzania, lapita mita 14 hivi kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja au zaidi hupotea kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika muda huo gari halijapunguza hata kidogo. Baada ya hapo ndipo breki zinapoanza kazi yao. Kwa jumla, gari dogo lenye breki nzima, juu ya lami kavu, litahitaji mita 30 hivi kusimama. Tokeni nje mzipime kwa kamba: ni kama madarasa matatu au manne yaliyopangwa mstari mmoja. Likiwa na mwendo wa kilomita 80, lahitaji zaidi ya mita 60. Lakini likiwa na mwendo wa kilomita 30, mita 15 hivi zatosha. Mvua ikinyesha, au magurudumu yakiwa yameisha, ongezeni kamba. Mvulana mmoja wa darasa la tano, alipokwisha kuipima kamba ile mpaka mwisho, aligeuka akaitazama shule kwa mbali, akasema, "Kumbe dereva akitaka hataki, lazima anigonge." Nikamwambia ndiyo. Sikuona sababu ya kumpunguzia neno hilo ukali wake.

Sasa watu wengine husema: yote haya ya nini, mtoto atiwe hofu tu, naye akikaribia barabara achapwe. Mimi sikubali. Mtoto mwenye hofu hukimbia, na mtoto akimbiaye ndiye agongwaye. Ameona lori, ameogopa, amerudi nyuma; ameogopa kuchelewa shule, amerudi mbele tena; na dereva aliyekwisha kumkwepa upande mmoja amkuta upande wa pili. Twataka mtoto atulie, awe na macho. Fimbo haimpi mtu macho.

Niseme kidogo habari za wazee wa vijiji, maana kwao iko kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya peke yake. Katika shule moja niliyoitembelea, lango lilikuwa likitazama barabara kuu moja kwa moja. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia watoto walimwagika langoni kama mtama utokao katika gunia lililotoboka, na hatua kumi mbele yao ni lami. Mwalimu mkuu alitaka lango lihamishwe upande wa nyuma, penye kichochoro kitokeacho karibu na matuta yapunguzayo mwendo na michoro ya pundamilia. Mkutano ukaitwa. Mzee mmoja mwenye heshima alipinga sana. Alisema lango lile walilijenga wao kwa mikono yao, na jina la shule limeandikwa juu yake, na shule isiyo na lango barabarani ni kama nyumba isiyo na uso. Wageni watajuaje kwamba kijiji kina shule? Watu wengi walitikisa vichwa kumkubali, kwa kuwa alisema kweli: lile lango lilikuwa fahari yao. Ndipo mama mmoja auzaye maandazi karibu na pale alipoomba nafasi. Hakusimama hata kidogo, aliketi vile vile, akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Mimi huketi pale kila siku. Nimekwisha kuinua watoto wawili kutoka lamini kwa mikono yangu hii. Ikiwa wageni wanataka kujua shule iko wapi, nitawaelekeza mimi."

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," akauliza matofali yatatoka wapi. Kazi ilikuwa ya siku chache. Lango la zamani halikubomolewa. Lilizibwa kwa ukuta, na jina la shule liko juu yake hata sasa, kwa hiyo fahari haikupotea. Kila kengele ikilia, mwalimu wa zamu huenda na wanafunzi wawili wakubwa wenye vibao vilivyoandikwa SIMAMA, na watoto huvuka mahali pamoja, makundi makundi.

Huko Sweden nilikokutaja, bunge lao lilikubali mwaka 1997 kwamba haifai mtu hata mmoja afe au aumie vibaya barabarani, na barabara zao zitengenezwe kwa kusudi hilo. Wengine hucheka wakisikia maneno kama hayo. Lakini lile lango la matofali ni fikira ile ile, nayo ilitoka kwa mama wa maandazi.

Muda wangu u karibu kwisha, nami sijasema neno juu ya michezo, ambayo kwa watoto wadogo ndiyo shule hasa. Wachoreeni barabara uwanjani kwa majivu: njia panda, kituo cha basi, michoro ya pundamilia. Wenye magari ya waya wayalete. Wengine wawe madereva, wengine abiria, mmoja awe askari, mmoja awe bibi kizee mwenye fimbo, na msisahau mbuzi. Wabadilishane, kila mtoto apate kuwa dereva. Kisha fanyeni jambo hili moja ambalo nimeliona likifaa kupita wimbo wo wote. Wekeni meza mbili, moja juu ya nyingine imara, na mbele yake mtundike gunia au ubao ufike kifuani mwa mtu aliyeketi. Huo ndio uso wa lori. Mwalimu ampandishe mtoto juu aketi kama dereva, naye amshike vema asianguke. Mtoto mwingine, rafiki yake, aje asimame karibu kabisa na ubao ule, chini, mbele ya lori. Mwulizeni dereva, "Wamwona rafiki yako?" Atanyosha shingo huku na huku, atasema, "Simwoni, Mwalimu. Ameenda wapi?" Na yule wa chini atapaza sauti, "Niko hapa! Mimi nakuona!" Hapo waacheni wabadilishane, aliyekuwa chini apande juu, ajionee mwenyewe, kisha mtoto wa tatu, na wa nne, mpaka darasa zima limepanda.

Kwa herini, wasikilizaji wangu.